Paka Mzee Hapikiwi Kama Mgeni wa Hoteli

Hata leo, mwanangu, nikipita pale palipokuwa kibanda cha simu cha Mama Kadzo, huku kwetu Kisauni, huongeza mwendo. Pale ndipo nilipolia nyau mbele ya watu, mtu mzima na ndevu zangu, na baadhi ya walionisikia wangali hai na wangali wananicheka. Keti nikueleze. Nimesikia unataka kufuga paka, na ni afadhali ucheke ujinga wangu kabla hujafanya wako.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, mpishi katika hoteli moja ya Shanzu. Si mpishi mkuu, la! Nilikuwa wa samaki na michuzi tu. Lakini ungenisikia nikizungumza barazani ungedhani hoteli nzima ingelala njaa bila mimi. Mzungu mmoja aliwahi kuingia jikoni kunishika mkono kwa ajili ya samaki wa kupaka, na tangu siku hiyo kichwa kikanivimba, Mungu anisamehe. Hadithi ya huyo Mzungu niliisimulia mpaka mbuzi wa mtaa wakaijua.

Basi mvua za masika zikaanza, wageni wakaadimika, hoteli ikafunga kwa muda, na sisi tukaambiwa twende nyumbani tungoje kuitwa. Nikarudi kwa shangazi yangu Zuhura, dada yake marehemu baba, ndiye aliyenilea tangu nikiwa mdogo. Shangazi alikuwa mjane, akiishi na paka wake mmoja jike, jina lake Tausi. Huyo paka aliletwa na marehemu mumewe, akiwa mdogo wa kuenea ndani ya kofia. Sasa alikuwa na miaka kumi na mitano, meno yamebaki mawili matatu, na mgongo umetokeza mifupa. Tangu mzee afariki, Tausi ndiye aliyekuwa akilala upande wa marehemu kitandani. Shangazi alimsimulia habari zote za mtaa, nani kaoa, nani kaachwa, kisha akangoja ajibiwe.

Ikawa binti wa shangazi, Saumu, amejifungua huko Malindi. Unazijua desturi zetu: mzazi hulelewa na mamake siku arubaini. Shangazi akafunga mzigo wake, na kabla hajatoka akanisimamisha jikoni.

"Athmani."

"Naam, shangazi."

"Tausi anakula samaki changu, samaki huyo umchemshe kwa maji matupu. Chumvi usitie. Mtoe miiba yote, umpondeponde, umpe kidogo asubuhi, kidogo adhuhuri, kidogo alasiri. Meno hana, na daktari alishasema figo zake zimechoka. Na maji yasikauke bakulini."

"Nimesikia, shangazi."

"Umesikia au umeitikia tu?"

Nikacheka. Mimi, mpishi wa hoteli, nafundishwa kuchemsha samaki! Nikambeba mzigo wake hadi stendi, nikamwombea safari njema, nikarudi.

Siku tatu za mwanzo nilifanya kama nilivyoambiwa. Siku ya nne nikamtazama yule changu mweupe pee ndani ya sufuria, hana rangi, hana harufu, nikasema wallahi hiki ni chakula cha mgonjwa, maskini paka wa watu ateswa hivi kwa sababu gani? Mikono nayo ilikuwa ikiniwasha, mwanangu. Hoteli imefungwa, mgeni hakuna, na mimi na ufundi wangu wote nimekaa kutazama mvua. Nikakuna nazi.

Samaki wa kupaka nilimpikia sawasawa: thomu, hivyo vitunguu saumu, tangawizi, pilipili kidogo kwa heshima ya uzee wake, ndimu, chumvi ya kutosha, tui zito. Nikamwekea kwenye kisahani cha maua. Tausi akanusa, akarudi nyuma, akanusa tena, kisha akalamba lile tui. Akalamba mpaka maua yakaonekana. Yakhe, nilifurahi kuliko siku ya yule Mzungu! Kesho yake nikampa papa wa chumvi wa nazi. Keshokutwa kuku wa mchuzi, vitunguu vimekaangwa vikawa rangi ya kahawia. Nikawa naamka asubuhi nikipanga leo Tausi ale nini.

Sasa angalia ujinga ulivyo. Alianza kunywa maji mengi, bakuli likikauka mara tatu kwa siku, nami nikasema mchuzi umemkolea. Akatapika, nikasema ameshiba kupita kiasi, na huyo ni mlaji anayenisifu. Akawa analala nyuma ya mtungi pale penye ubaridi, haji nikimwita, nikasema uzee. Kila dalili niliigeuza ikawa sifa yangu. Ulikuwa mwisho wa wiki ya tatu, asubuhi ya Ijumaa, nilipomletea kisahani chake nikamkuta hawezi hata kusimama. Alijaribu, miguu ya nyuma ikamwacha. Hapo ndipo nilipomkumbuka shangazi.

Bahati nzuri kulikuwa na daktari wa mifugo, Bwana Charo, aliyekuja Utange asubuhi hiyo kuwadunga mbuzi sindano. Nikamtia Tausi kikapuni na kitambaa juu, nikaenda mbio kwenye tope. Bwana Charo, mtu mpole wa maneno machache, akamweka mezani, akamfunua mdomo, akanionyesha ufizi. Ulikuwa mweupe.

"Damu imempungua huyu. Anakula nini?"

Mwanangu, hata pale, na paka anakufa mbele yangu, nilijisikia. Nikamtajia vyakula vyote kama ninamsomea mgeni mezani: wa kupaka, papa wa nazi, kuku wa mchuzi. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Na vitunguu hutia?"

"Vya kutosha, daktari."

"Na thomu?"

"Thomu tele! Mimi si mpishi wa kubahatisha."

Akavua miwani. "Basi ugonjwa wake ni wewe."

Akanieleza taratibu, bila kunitukana, na laiti angenitukana ningepata nafuu. Kitunguu na thomu huharibu damu ya paka, chochote utakachopika navyo. Chumvi ile yote imezitwisha mzigo figo ambazo tayari zilikuwa zimechoka. Tui nalo limemvuruga tumbo. Akamdunga sindano, akamtia maji chini ya ngozi, akanipa dawa. "Akinywa maji mwenyewe ndani ya siku mbili, kuna matumaini. Asipokunywa, mwambie mwenye paka ajitayarishe."

Mwenye paka! Ijumaa ndiyo siku niliyokuwa nikimpigia shangazi huko Malindi, saa nne kamili, naye akiningoja karibu na simu. Wakati ule simu ya mkono haikuwa ya kila mtu, kwa hivyo nilimrudisha Tausi nyumbani, nikamlaza, nikaenda kwa Mama Kadzo. Pale kibandani palikuwa na watu wanangoja zamu. Njia nzima nilikuwa nikijiambia nitasema kweli.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Tausi hajambo?"

Ulimi ukaniteleza. "Hajambo sana! Anakula kama bibi harusi."

"Alhamdulillahi. Umekuja naye?"

"Ninaye hapa kwapani."

Usiniulize kwa nini nilisema hivyo. Uongo wa kwanza ulishatoka na wa pili ukaufuata wenyewe.

"Mwekee simu nimsemeshe, nimemkumbuka." Kisha nikasikia sauti ya shangazi imelainika, sauti aliyokuwa akimsemesha nayo Tausi peke yake: "Tausi, mamangu, hujambo? Wanilindia nyumba?"

Nami, mwanangu, mtu mzima, nikaweka mdomo kwenye simu nikalia, "Nyau."

Kibanda kizima kikanigeukia. Mama Kadzo akaacha kuhesabu zamu za watu. Na huko Malindi shangazi akasema polepole:

"Athmani. Tausi hajatoa sauti mwaka wa pili huu. Hufungua mdomo tu."

Niliishi na yule paka wiki tatu, nikimpikia kila siku, na jambo hilo sikulijua. Sikupata kumtazama usoni hata mara moja. Nilikuwa natazama sahani.

Nikalia. Nikamweleza yote, mbele ya wale watu, thomu na vitunguu na papa na Bwana Charo. Nilingoja anilaani. Nikamsikia anavuta pumzi, na nyuma yake kitoto kichanga kinalia.

"Nisikilize," akasema. "Hapa namlea mzazi. Anakunywa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, kwa sababu ndivyo mwili wake unavyotaka sasa. Mimi biriani naijua, Kisauni nzima yanijua kwa biriani. Nikimletea Saumu biriani leo, nitakuwa nimempikia yeye, au nimejipikia mimi?"

Nikafuta machozi kwa mkono wa shati.

"Siwezi kumwacha mzazi na mtoto wa siku ishirini. Wewe ndiye uliyeko. Radhi utaniomba nikirudi. Sasa hivi nenda ukachemshe changu."

Nilipoweka simu, jamaa mmoja kwenye mstari akasema kwa upole kabisa, "Pole, kaka. Lakini sauti unayo." Watu wakaangua kicheko mpaka bati likatikisika. Nami nikatoka pale machozi yananitiririka na kucheka nacheka, sijui kilichokuwa kikubwa ni kipi.

Siku mbili zile sikutoka nyumbani. Nilimpa dawa, nikamlowanisha midomo kwa kidole, nikakaa chini sakafuni nikimtazama. Jumapili asubuhi akajikokota hadi bakulini, akanywa. Akanywa mwenyewe! Nilipiga takbiri jirani akadhani kuna harusi. Baada ya hapo ikawa changu mweupe, hana chumvi, hana kitu, naye alimla kidogokidogo kwenye kiganja changu. Nikajifunza kwamba hutafuna upande wa kushoto tu. Nikajifunza kwamba chakula kikipoa sana hakitaki, na kikiwa na joto la mkono hukimaliza. Kila siku nilikwenda kibandani, na shangazi aliniuliza maswali ambayo hakuna mpishi wa hoteli aliyewahi kuulizwa: amekojoa mara ngapi, choo kikoje, ufizi una rangi gani. Nilijibu kwa sauti, watu wakisikia, na wao wakawa wananiuliza njiani, "Mgonjwa aendeleaje?"

Bwana Charo alikuja kumwona tena mara mbili, na mara ya pili akanionyesha ufizi umeanza kurudi wekundu.

Siku arubaini zilipotimia, shangazi akarudi. Aliingia uani hata buibui hajalivua, akasimama tu. Hakuita. Tausi akatoka nyuma ya mtungi kwa miguu yake, mwembamba lakini wima, akaja mpaka miguuni pake, akainua kichwa akafungua mdomo. Sauti haikutoka.

"Abee, Tausi," shangazi akamwitikia, akakaa pale pale chini akamkumbatia.

Nikapiga magoti nikamwomba radhi. Alikwenda jikoni, akafunua sufuria, akachovya kidole, akaonja.

"Hakina ladha hata kidogo," akasema.

"Hakina, shangazi."

"Basi leo umepika."

Tausi aliishi miaka miwili mingine. Mimi hoteli ikaniita, nikapanda cheo baadaye, nikasifiwa na wengi, lakini sifa niliyoikumbuka kila nilipowasha jiko ni hiyo.

Sasa nisikilize, mwanangu, kwa sababu siku zako zimekuwa rahisi, na kukosea nako kumekuwa rahisi vilevile. Siku hizi ukienda madukani Nyali utakuta mifuko ya chakula cha paka imepangwa rafu nzima, mizuri ya kutazama. Usinunue kwa picha. Geuza usome ni cha paka wa umri gani. Mtoto wa paka anataka chakula cha watoto, kidogokidogo mara nyingi kwa siku, kwa kuwa tumbo lake ni dogo na yuko katika kukua. Na maziwa ya ng'ombe tunayopenda kuwapa huwaharisha, wape maji. Paka mzima akishahasiwa hunenepa upesi, mpimie, usimwonee huruma kila akikutazama. Akizeeka, mlainishie, na akiwa na figo mbovu au ugonjwa wowote, usibuni wewe wala usinisikilize mimi, msikilize daktari. Na hata samaki wetu huyu wa kuchemsha, ukitaka awe ndicho chakula cha kila siku, mwulize daktari kwanza kama anamtosha. Mabaki ya mchuzi, ya papa na ya pilau, kula mwenyewe. Akinywa maji kuliko kawaida, akitapika, akijificha, usingoje.

Zaidi ya yote hayo, mtazame anayekula. Paka hatakwambia chumvi imezidi, na mgonjwa mara nyingi hatakwambia, na mzee wako hatakwambia, kwa kuwa hataki kukuvunja moyo. Ukimwekea mtu sahani, mwangalie yeye, umri wake, meno yake, na mwili wake unavyokwambia. Ukijiona unangoja kusifiwa, jua umeshaacha kumpikia.

Mwenyezi Mungu akupe jicho la kumwona asiyeweza kusema, akupe subira ya kuuliza usilolijua, na akujaalie nyumba isiyokosa wa kumpikia. Amina, mwanangu. Haya, nenda.