Harufu Inakubalika

Mama yangu mzazi aliniita madamu. Alisimama mbele ya kaunta ya mizigo katika uwanja wa ndege wa Bujumbura, amevaa imvutano, vazi lake la kwendea harusini, na nyuma yake zimepangwa katoni sita za ndagala. "Madamu," akasema, "naomba munipimie huu muzigo." Nami niliyenyonya kwake nikamjibu, "Karibu, mama," kama ninavyomjibu mteja yeyote. Hatukuwa tumepanga hivyo. Yeye ndiye aliyeanza, ili asiniaibishe mbele ya wenzangu, na mimi nikakubali upesi mno. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Nilikuwa mwaka wa tisa katika kampuni ya ndege za mizigo inayotua kwetu mara mbili kwa wiki kutoka nje. Kazi yangu ni kupokea. Napima, nafungua, natafuta betri zilizofichwa na makopo ya rangi, kisha najaza hati ya safari, ile karatasi inayosema kinachosafiri ni nini, ni cha nani na kinakwenda wapi. Halafu nina muhuri mwekundu wenye neno moja: HARUFU. Sharti la kampuni ni kwamba kitu chochote kinachonuka hakipandi ndege wala hakitoki ghalani mpaka mkuu wa kituo akikague na aandike kwa mkono wake kuwa kinakubalika. Ndagala hakuwahi kuzikagua. Mimi nilipiga muhuri, akina mama wakajitwisha mizigo yao wakarudi walikotoka, nami nikaenda bombani kunawa mikono.

Tabia hiyo ya kunawa niliianza zamani. Ndagala ni visamaki vya ziwa letu, havizidi urefu wa kidole, na mama amevianika ufukweni tangu sijazaliwa. Shuleni walikuwa wanaziba pua nikipita. Nilipopata mshahara nilinunua sabuni ya manukato, nikapanga nyumba Kinanira, kule juu ambako upepo wa ufukweni haufiki, na kazini sikumwambia mtu nimesomeshwa na nini.

Mzigo wa mama ulikuwa unakwenda Ghuba, kwa mwenye duka anayewauzia dada zetu wanaofanya kazi za nyumbani huko. Ilikuwa oda yake ya kwanza ya ng'ambo baada ya miaka yote ile ya kuuzia kwenye beseni. Mwenye duka alikuwa amesema wazi: ndagala zisipofika ndani ya wiki mbili, atachukua za nchi nyingine. Kwa hiyo mama alijipanga. Alizianika juu ya vichanja vya waya zisiguse mchanga, akazifunga plastiki mara tatu, akahangaika maofisini mpaka akapata cheti cha afya. Niliinamia katoni na kuvuta pumzi, sikusikia harufu yoyote.

Mkuu wa kituo alitoka ofisini kwake akiwa ameshaziba pua.

"Iyi apana," alisema. "Ndagala inanuka."

"Shefu, fungua kwanza, unuse," mama akamwambia kwa upole.

"Mama, mi najua ndagala. Rudisha."

Mimi nikajifanya najaza karatasi. Mama akainama, akaanza kubeba katoni zake mbilimbili mpaka nje, na alipochukua za mwisho akaniambia, "Asante, madamu." Nilishinda na hasira siku nzima, na nusu yake nilijikasirikia mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata ndege ilileta mizigo ya Ulaya, na ndani yake jibini za mahoteli na maduka ya Rohero, mtaa wa wenye pesa. Jibini zile zilinuka. Sisemi kwa chuki, zilinuka kama soksi za mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Gitega. Zilikuwa zinakuja kila wiki, ghala zima linanuka, na kwa miaka yote tisa mkono wangu haukuwahi kwenda kwenye muhuri. Nilikuwa sijaliona hilo. Siku hiyo nililiona, nikachukua muhuri, nikapiga HARUFU juu ya kila boksi, nikazifungia katika chumba cha baridi na kupeleka karatasi mezani kwa mkuu, kama sharti linavyotaka.

Kabla ya saa nne simu za mahoteli zilikuwa zimeanza. Mkuu alikuja mbio.

"We unafanya nini? Iyi ni fromaji!"

"Inanuka, shefu."

"Fromaji ni lazima inuke!"

"Sharti linasema kitu chochote. Halisemi fromaji."

"Toa muhuri!"

"Mi siwezi kutoa. Ni we unakagua, unaandika na mukono yako."

Vijana wa ghala walizima mashine ya kunyanyulia mizigo ili wasikie vizuri. Mkuu alinitazama, na nikaona ameanza kuelewa.

"Ule mama wa jana ni nani yako?"

"Ni mama yangu," nikasema, na sikupunguza sauti. "Amenisomesha na ndagala. Hata hii kalamu iko mukononi yangu ni ndagala."

Simu ikalia tena ofisini. Akaninyang'anya kalamu ile ile, akaandika juu ya karatasi: harufu inakubalika, mzigo umefungwa vizuri. Akatia sahihi. Nikatoa nakala mbele ya macho yake.

"Nitakupa barua ya onyo," akasema.

"Nipe, shefu. Lakini ukikataa katoni za mama bila kunusa, fromaji ya wiki kesho italala humu pia."

Barua ya onyo alinipa kweli, ninayo nyumbani. Mama nilimpigia simu siku hiyo hiyo.

Alirudi Alhamisi na katoni zake sita. Mkuu alitoka bila kuziba pua, kwa kuwa ghala lote lilikuwa linamwangalia. Alipasua katoni moja kwa kisu, akafungua plastiki zote tatu, akanusa kwa muda mrefu akitafuta kosa. Halafu akaandika maneno yale yale, kwa mwandiko mbaya kuliko wa kwanza, akarudi ofisini.

Nilivuta hati ya safari. Mama akasogea karibu na kaunta, akanong'ona.

"Madamu, andika tu bidhaa kavu. Wasituletee maneno mbele ya safari."

"Mi si madamu," nikamwambia kwa sauti, ghala zima likasikia. "Mi ni mutoto wako, mama. Na hii ni ndagala."

Nikaandika NDAGALA, kwa herufi kubwa, mpaka nafasi ikajaa. Mama alikohoa, akajifuta macho kwa upindo wa imvutano, akajidai vumbi la ghala limemwingia.

Ilibaki katoni iliyopasuliwa. Ndagala nyingine zilikuwa zimemwagika juu ya mizani. Nilipoanza kuzizoa, mama alinishika mkono.

"Acha, mutoto wangu, mi nafunga. Mikono yako itanuka."

"Inuke, mama."

Nilizizoa zote kwa viganja viwili, nikazirudisha, nikafunga, nikabandika lebo. Ndege ilipoondoka na katoni zote sita nilirudi kauntani kumpokea mteja aliyefuata, na sikupitia bombani.