Siku Niliyofumania Foleni
Mimi nina wivu, na ninakiri mapema ili msinicheke peke yenu.

Tangu Mama Zuhura amzike dada yake aliyekufa kwa saratani ya mlango wa kizazi, kila tukianika omena, wale dagaa wa ziwani, alituhimiza twende tukapimwe. Mimi nilikuwa nahamia upande wa pili wa wavu. Wenzangu walikubali, halafu wakaanza kunyamaza kila nikifika.

Jumanne nikaona jina la Mama Zuhura kwenye simu ya mume wangu. Akaniambia ni mambo ya kanisa. Mama Zuhura ni Mwislamu.

Alhamisi mume wangu akavaa shati la Jumapili, akatangaza kwa sauti kwamba anaenda Kisian. Nikampa dakika kumi, kisha nikapanda boda nikinuka omena. Pikipiki yake ilikuwa nje ya kliniki ya Kisian. Nikasukuma mlango.

"Mama Zuhura, unataka nini na mume wangu?"

Wanawake wanne kwenye benchi wakanigeukia, wote marafiki zangu, Mama Zuhura akiwemo. Katikati yao waliacha nafasi. Mume wangu alisimama dirishani, ameshika kadi yenye jina langu.

"Tulimwomba akubembeleze," Mama Zuhura akasema. "Akatuambia wewe hubembelezeki, lakini ukihisi kuna mtu wa kufumania utakuja mbio."

Nesi akachungulia. "Huyu ndiye namba tano? Si mlisema atafika saa nne?"

Nikatazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nne kasoro dakika mbili.