Mama Aliyeongoza Msako

Juzi nilikuwa kituo cha polisi Kakuma, nikiripoti kitambulisho changu kilichopotea. Televisheni ilikuwa ikionyesha tamthilia ya kikosi cha polisi cha uokoaji. Mama mmoja mwenye shanga tele shingoni aliingia akihema. Baba yake, mzee asiyeona vizuri, alitoka alfajiri kufuata ngamia na hakurudi, na jua lilikuwa kali mno.

"Mama, wewe ngoja hapa, tutamtafuta," alisema konstebo.

Kwenye televisheni, mkuu wa kikosi naye alikuwa akimwambia mke wa mtu aliyepotea abaki nyumbani. Mama akainyooshea televisheni kidole. "Kama huyo? Nyinyi mnajua alama ya mguu ya baba yangu kwa mchanga? Ile ya kushoto anaburuta."

Konstebo akachukua ufunguo wa gari. "Basi kaa mbele, utuonyeshe njia."

Sikuondoka. Alasiri walirudi na mzee, midomo imempasuka, yu hai, akiulizia ngamia. Tulipiga makofi hadi mahabusu nao wakashangilia.

Konstebo alifungua kitabu cha matukio, akauliza amwandike nani kuwa kiongozi wa msako. Mama alitaja jina lake mwenyewe mara mbili, polepole, lisije likaandikwa vibaya.