Jina ya Bana Mwape

Iko siku moja yenye hainitokake mu kichwa, mujukuu yangu, na leo nitakuambia, juu umeingia mu nyumba na ile uso ya kukasirika. Keti hapa. Chai itapoa, haizuru.

Unasema ule binti ya Chienge, mwenye masanduku ya barafu, amekuzarau. Mulikuwa munapatana vizuri, mupeleke samaki pamoja mpaka Mansa, kisha akakuomba majina yako yote vile iko ku karatasi, akatafute mu telefone kama biashara yako imeandikwa kweli, na kama hauna batu benye banakudai. Ukachukua mukoba yako ukaenda zako. Bon. Na miye nilichukua yangu nikaenda zangu, mbele mama yako aanze kutembea.

Wakati ile nilikuwa nimekupita miaka kidogo tu. Nilivuka ziwa na mama yako, Rosi, ku mugongo, nikafikia Kashikishi, huku Zambia, bila kujua mutu. Kibemba ilikuwa inanipita ku masikio. Mu soko batu banapima samaki, banacheka, banaulizana habari ya batoto, na miye nasimama tu pale, nangoja mutu aniangalie. Weye ulizaliwa huku, unaota mu Kibemba, hauwezi kujua vile inauma kupitisha siku nzima bila mutu kukuita.

Mutu wa kwanza wa kuniita alikuwa Bana Mwape. Alikuwa anaanika chisense, ile tusamaki tudogo, ku muchanga pembeni ya pangu. Mwanamuke munene, sauti kubwa, muchokozi. Kiswahili alijua ya soko tu: bei gani, punguza, rudi kesho. Na ile kidogo njo alitumia kunifanyia urafiki. Kila asubuhi ananiita kutoka kwake, na ile neno yao ya kuita mama: "Mayo, bei gani?" Miye najibu: "Punguza." Tunacheka mpaka boti zinafika. Nakuambia kweli, ile kucheka njo ilinifanya nikae pa Zambia.

Unajua batu ba huku, mwanamuke akishazaa, jina yake inapotea, banamuita na mutoto yake. Yeye alikuwa Bana Mwape, mama ya Mwape, na miye nilikuwa Bana Rosi. Hakuna mwenye aliuliza mwenzake kama baba yake alimupa jina gani.

Mwaka moja, ziwa ilipofunguliwa nyuma ya ile miezi ya kukatazwa kuvua, chisense ilijaa mpaka bei ikaanguka. Bana Mwape akasema tuunganishe mifuko yetu, tulipe lori moja, tupeleke sisi benyewe ku Kopabelti, kule ku miji ya migodi, tuache kuuzishia balanguzi ba pa pwani. Kiswahili yake ilikuwa imeshaongezeka, na Kibemba yangu pia. Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Si juu ya franga. Nilikuwa na asosie, mutu mwenye atanifikiria hata wakati siko mbele yake.

Kisha akapasua kipande ya mufuko ya simenti, akaandika, akanipa.

"Hii majina yangu, yote tatu. Anza na miye. Enda ku kansili, biro ya wilaya, uombe kitabu ya benye banalipa laisense ya biashara. Enda ku mulango ya tribinali, kule banabandika majina ya benye banashitakiwa juu ya madeni. Habalipishake kitu, kila mutu anaruhusiwa kusoma. Kisha na weye nipe yako, tafadhali mukwai, na miye nikatafute."

Mwanangu, sikiliza. Kwetu, jina kutafutwa mu biro haikukuwa kitu ya biashara. Baba yangu, jina yake balitafuta asubuhi mu liste ku biro ya shefu, na jioni hatukukuwa tena na baba. Mama alitufundisha: mutu akikuomba majina yako yote, umupe ya uongo. Na sasa huyu, mutu moja tu mwenye nilikuwa naye pa ile pwani yote, anataka majina yangu apeleke ku biro. Nikamurudishia karatasi yake. Hata kusoma sikusoma. Nikamuambia, "Miye si mwizi."

Akabaki nayo mu mukono. Akasema polepole, "Mayo, sikusema mwizi." Nikageuka nikaenda kugeuza chisense yangu, yenye haikukuwa inataka kugeuzwa.

Haikupita muda Ba Deo akanipata. Mutu ya kwetu, ya ngambo, anaongea Kiswahili yetu na utamu yake yote, anaomba mu kanisa yetu, ananiita dada. Alikuwa anapeleka mizigo ya batu ku Kopabelti, anauza, anarudisha franga. Yeye jina hakuuliza. Alisema kati ya batu ba kwetu, kuombana karatasi ni matusi. Ah, ile neno ilinikaa vizuri, sawa chai ya moto mu baridi. Nikamupa mifuko ya musimu muzima.

Mbele lori iondoke, Bana Mwape alikuja. Hakukaribia sana. Akasema, "Ule Deo, jina yake iko ku mulango ya tribinali. Batu banamudai. Enda usome, ni bure." Nikamuambia aache wivu. Tena nilimuambia mu Kibemba, juu nilitaka aelewe vizuri. Ile Kibemba, yeye njo alinifundisha.

Deo hakurudi, mifuko haikurudi. Mwisho nikaenda kusimama ku ule mulango. Jina yake ilikuwa pale, wino imeshapauka na jua. Ilikuwa pale mbele anijue. Batu banaingia, banatoka, bananiambia samahani mama, tupite. Hakuna mwenye alinilipisha kusoma.

Mifuko nilijaza ingine, mwanangu. Si ile yenye inanisumbua. Aibu njo ilinimaliza. Nilihamisha nafasi yangu ya kuanika mpaka ku mwisho ya bandari, nisionane na Bana Mwape. Asubuhi nasikia sauti yake kutoka kule mbali, "Bei gani?", na najua ni miye anaita. Nainama juu ya chisense. Aliita siku nyingi. Kisha akaita mara moja moja. Kisha musimu moja nafasi yake ilikuwa na mutu mwingine. Bamoja banasema amefuata batoto yake Mansa, bengine banasema Ndola. Kuuliza zaidi niliogopa, batu bangesema, si weye ulimukimbia?

Ile siku ulinionyesha telefone yako, vile unaandika jina ya kampani inakuambia kama ingali hai ao ilifutwa, bure, bila kupanda minibasi, nilikuomba unitafutie mutu. Ukasema, "Nkambo, jina yake?" Nikasema Bana Mwape. Ukacheka. "Nkambo, ba Bana Mwape bamejaa pwani nzima. Jina yake ya kweli?" Nikasema basi, acha, leta chai. Ulifikiri nimechoka. Sikukuwa nayo, mwanangu. Aliniandikia yote tatu ku karatasi ya simenti, akaniwekea mu mukono, nikamurudishia.

Basi nisikuzungushe. Kesho asubuhi, mbele minibasi ya Chienge ijae, enda umutafute ule binti. Umupe majina yako yote, na ile ya bankambo ba zamani yenye haupendi. Umuombe na yake. Kisha utafute kweli, usione haya: kampani yake iko hai ao ilikufa, benyewe ni banani, ku kansili uulize kama laisense yake ni ya mwaka huu, usome ku mulango ya tribinali, uulize na bale bamepakia mizigo pamoja naye mbele yako. Ukikuta kitu kibaya, muulize yeye mwenyewe macho kwa macho, pengine deni alishalipa na hakuna mwenye alifuta. Karatasi haitakuonyesha moyo ya mutu, lakini itakuonyesha kama analipaka batu. Na mutu mwenye anakukataza kutafuta jina yake, hata anakuita dada, hata anaomba Mungu na machozi, usimupe hata kikapo.

Kukuomba jina si kukuzarau. Ile nilielewa kwa kuchelewa sana. Hakuna mutu anasumbuka kwenda mpaka ku kansili juu ya mutu mwenye hataki kukaa naye. Bana Mwape alitaka tukae.

Mungu akulinde ku barabara na ku maji. Akupe franga, na batu ba kula nayo. Akupe benye banajua majina yako yote, benye batakuita hata wakati umeinama. Na kama siku moja, mu soko ya Mansa, unaona mumama munene, muzee sasa, mwenye sauti kubwa, mukaribie, umuulize, "Mayo, bei gani?" Akikujibu "Punguza," mwanangu, umuombe jina yake. Andika vizuri, yote tatu, uniletee.