Barua Iliyorudi kutoka Ujiji

Watu wa posta ya Dodoma walimzoea Priska kama walivyozoea mlingoti wa bendera uliokuwa uani. Hakuna aliyemwuliza tena amefuata nini. Mara moja kwa mwezi alitoka kwao Buigiri majogoo wakiwika, akatembea na jua kichwani, na alasiri akawa amefika, miguu imepauka vumbi hadi magotini. Aliketi kwenye baraza na wenzake, akangoja karani afungue dirisha na kuita majina.

Mumewe Filipo alikuwa ameondoka mwaka ule reli ilipoipita Dodoma ikaelekea magharibi. Mvua zilikuwa zimegoma, uwele umekauka ungali mchanga, na wanaume wengi wa Ugogo walikwenda kubeba mataruma ya reli. Filipo alimwacha na mtoto wao Yoramu, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anasimama dede. Alisema atakaa misimu miwili. Zikaja barua mbili kutoka Tabora, zimeandikwa na mtu wa kambini, maana Filipo mwenyewe hakujua kusoma wala kuandika. Baada ya hapo, kimya.

Yoramu alifariki wakati wa masika, kwa homa ya siku tatu. Alikuwa ametimiza miaka mitatu. Seth, mdogo wa Filipo, ndiye aliyechimba kaburi.

Priska alikuwa amesoma misheni kwa Mwalimu Kefa, tena alisoma vizuri, ila kuandika kulimchosha kuliko kulima. Barua ya kumwarifu Filipo msiba ilimchukua siku mbili. Alipomaliza alikwenda Dodoma, akanunua stempu, akamwomba karani aibandike pale pale mbele ya macho yake ili ahakikishe imekaa sawasawa.

Karani yule, Bartolomayo, alikuwa kijana wa pwani, mpole, kanzu yake haikosi doa la wino. Alisoma anwani akasema, "Mama Yoramu, itafika Tabora keshokutwa. Treni haichoki."

Hakujua kwamba Yoramu hayupo. Priska hakumwambia. Alishukuru akaondoka.

Miezi ikapita. Aliendelea kwenda dirishani na kurudi mikono mitupu. Siku za posta alilala kwa Bi Stara, mwanamke wa mjini mwenye asili ya Kondoa aliyekuwa akipika maandazi karibu na stesheni. Bi Stara alimpa mkeka na maji ya kunawa, na hakumwuliza maswali. Priska alimpenda kwa hilo. Kule kwao kila mtu aliuliza. Mama mkwe aliuliza, majirani waliuliza, hata watoto waliokuwa wakichunga mbuzi njiani waliuliza, na jibu lake lilikuwa moja, bado, mpaka likaanza kumtoka kinywani bila yeye kulisikia.

Mwezi wa kumi Bartolomayo aliita jina lake. Priska alisimama upesi hata kanga ikamdondoka begani. Akapokea bahasha, akaigeuza, akaona mwandiko wake mwenyewe.

Ilikuwa barua yake. Haikufunguliwa. Pembe zake zilikuwa zimechakaa, na juu yake mihuri imegongwa, mmoja umepanda mgongo wa mwenzake, na katikati ya mihuri kulikuwa na maneno ya Kijerumani yaliyoandikwa kwa penseli. Alimwomba karani amsomee. Bartolomayo aliwaacha watu waliokuwa nyuma ya Priska wangoje, akafuata mihuri kwa kidole. Tabora waliandika kwamba mwenye barua ameondoka. Ikapelekwa Malagarasi, nako wakaandika ameondoka. Ikapelekwa Ujiji.

"Na Ujiji wamesemaje?"

Karani alirudisha kidole kwenye muhuri wa mwisho. "Wamesema hajulikani, mama."

Priska aliuliza kama maana yake amekufa. Bartolomayo alimweleza kwamba sivyo, mtu akifa wana neno jingine. Hili maana yake ni kwamba wameuliza na hakuna aliyelijua jina hilo. Basi Priska akaitia barua ndani ya kikapu chake. Ile karatasi ilikuwa imefika mahali ambapo yeye hatafika maishani, imemtafuta mumewe kambi kwa kambi kwa miezi saba, imechoka, imerudi. Usiku ule kwa Bi Stara hakula.

Seth alipopata habari aliwaita wazee wa ukoo. Walimwambia Priska kwa upole kwamba mtu asiyejulikana Ujiji hayuko duniani. Wakae matanga, kisha Seth amchukue yeye na shamba, kama ilivyo desturi. Seth hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amemlimia misimu yote hiyo bila kunung'unika. Lakini Priska alikataa, na waliomsikia walidhani anakataa kwa mapenzi. Ukweli alikuja kumwambia Bi Stara peke yake: hakuwa na nguvu za kulia mara ya pili. Kumlilia Yoramu kulikuwa kumemaliza yote aliyokuwa nayo.

Akaacha kwenda posta.

Mwaka uliofuata habari zikaenea kwamba reli imefika ziwani na vibarua wanaruhusiwa kurudi makwao. Priska alizisikia kama mtu anavyosikia habari za harusi ya ugenini. Siku moja adhuhuri, wakati uwele unaanza kutoa masuke, alikuwa ametoka korongoni na maji. Alipokaribia nyumbani akaona mwanamume ameketi kizingitini, amekonda, mvi zimemwanzia utosini, na pembeni yake furushi.

"Mbukwa," alisema yule mtu, kwa salamu ya kwao.

Sauti ndiyo iliyomtambulisha. Priska alitua mtungi polepole ili maji yasimwagike. Wala hakupiga kigelegele wala hakulia. Aliitikia, akamwuliza habari za safari, akampa maji. Filipo akanywa kata mbili. Akaeleza kwamba aliugua sana Malagarasi, akahamishiwa kwenye kundi jingine, na mnyapara wa huko akamwandika daftarini kwa jina la babu yake kwa sababu akina Filipo walikuwa wengi mno. Barua hakupata hata moja. Alidhani nyumbani wamemsahau.

Kisha akafungua furushi, akatoa kikanzu cheupe kipya. Alikipima hewani kwa mikono, akasema alikuwa akikisia tu, mtoto wa miaka minne huwa na urefu gani.

"Yuko wapi?" aliuliza. "Kaenda kuchunga?"

Priska aliingia ndani, akapapasa juu ya dari alikokuwa ameichomeka bahasha, akatoka nayo, akaketi chini mbele ya mumewe. Akaifungua. Akaanza kusoma alivyoandika.

"Kwa mume wangu mpenzi Filipo. Salamu sana. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, hofu yetu ni juu yako."

Filipo akashusha pumzi. Uso ukamlegea, akatabasamu kidogo. Ndivyo Mwalimu Kefa alivyowafundisha, kwamba barua ya heshima huanza kwa uzima kabla ya mengine, na Priska alikuwa ameandika hivyo hivyo bila kufikiri. Sasa aliliona tabasamu lile naye hakuweza kuendelea. Aliiweka karatasi mapajani. Yaliyobaki aliyasema kwa Kigogo, bila kusoma, akimtazama: homa, siku tatu, masika ya mwaka jana, nani alichimba.

Filipo alisikiliza mpaka mwisho. Aliuliza jambo moja tu, kama mtoto aliwahi kumtaja.

"Alikuwa akiita kila treni kwa jina lako," Priska alisema. "Ukisikika mlio wake, anasema baba."

Hapo ndipo Filipo alipoinama, na Priska, ambaye alidhani hana tena machozi, akajikuta analia naye. Seth alikuja jioni. Akamkumbatia kaka yake muda mrefu, na jambo la wazee halikutajwa tena siku ile wala baadaye.

Hawakurudi kuwa kama zamani. Filipo alikohoa sana na hakuweza jembe zaidi ya nusu ya asubuhi. Kwa hiyo akapewa kazi ya kuketi kwenye kichanja katikati ya shamba akifukuza ndege kwa kombeo. Mwalimu Kefa alikuja kumwomba Priska awe anapeleka barua za misheni Dodoma, kwa kuwa hakuna aliyelijua dirisha lile kama yeye. Priska alimjibu kwa adabu kwamba amtafute mwenye miguu, maana yake imechoka njia ile.

Akamaliza kupika mlenda, akafunika chungu, akatwaa chakula cha mumewe akaenda shambani. Ndege walikuwa wengi mwaka ule. Alipanda kichanjani, akaketi kando ya Filipo, akaokota mawe ya kombeo.