Mkono wa Herminia Tupas

Herminia Tupas aliwapiga watu wawili tu katika maisha yake yote. Wa kwanza alimtoa jicho. Wa pili ni mimi, na pengo hili la mbele ni kazi ya ngumi yake.

Sisi wote wawili ni Wafilipino, yeye wa kisiwa cha Negros, mimi wa Iloilo, ng'ambo ya mlango wa bahari. Tulikutana Jakarta, tukifundisha shule moja ya kimataifa ya Kikristo. Alikuwa amenizidi miaka mitatu, kwa hiyo nilimwita Manang, kama dada mkubwa anavyoitwa kwetu. Wengine walimwita Minyang.

Alikulia kwenye shamba la miwa la tajiri mmoja. Baba yake, Crisanto, alikuwa mkata miwa. Nyapara alikuwa na desturi ya kumchapa Crisanto kwa bapa la panga mbele ya watoto wake, na Crisanto, akifika nyumbani, aliwachapa watoto wale wale kwa mkanda. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda. Mwaka wa themanini na tano wakata miwa waligoma. Kaka yake Edring, kijana wa miaka kumi na tisa, alisimama mstari wa mbele. Walinzi wa tajiri walifyatua risasi. Minyang alikuwa na miaka kumi na sita, amebeba ndoo ya maji ya kuwanywesha wagomaji. Edring alikata roho kichwa chake kikiwa mapajani mwa Minyang. Aliniambia kwamba alijaribu kumwosha uso, maji yakaisha ndooni, na damu bado inatoka.

Mchungaji mmoja alimpeleka chuo cha ualimu, na mwaka wa tisini na nne akaja Jakarta.

Shule yetu ilikuwa na watoto kama tisini: wa wamisionari, wa Wakorea, na wa matajiri wa pale pale wenye asili ya Kichina. Majengo yalikuwa maduka matatu ya ghorofa yaliyounganishwa, magharibi ya jiji, na jirani yetu ukutani alikuwa muuza pikipiki. Siku zile kibao cha kuchapia kilitundikwa kila darasa, na mzazi alitia sahihi kuruhusu mtoto achapwe. Minyang peke yake hakukigusa. Darasa lake la nne lilikuwa soko.

"Manang, wale watoto watakupanda kichwani," nilimwambia siku moja katika chumba cha walimu.

"Waache wapande. Mkono huu naujua mimi, Delfin. Ukianza hauachi."

Nilicheka. Mwanamke mwenyewe alikuwa mfupi, kilo arobaini na tano, anavaa viatu vya watoto.

Mwezi wa tano mwaka wa tisini na nane wanafunzi wa chuo kikuu walipigwa risasi jijini. Kesho yake watu walianza kuchoma magari. Keshokutwa yake, Alhamisi, mwalimu mkuu wetu, Mmarekani aitwaye Harlan Teague, aliamua shule ifunguliwe. "Bwana ndiye ngome yetu," alisema. Saa nne asubuhi moshi ulikuwa umesimama pande tatu za jiji. Wazazi walikuja mbio kuchukua watoto. Bwana Teague alijaza wengine kwenye basi dogo la shule akaondoka nao, akisema atarudi baada ya nusu saa. Barabara zikafungwa nyuma yake. Tulibaki watu wazima watatu na watoto saba: mimi, Minyang, na mlinzi wa getini, Pak Sarmin ('Pak' kwao ni bwana, na 'Bu' ni bibi), mzee Mwislamu aliyezaliwa mtaa wa nyuma ya shule.

Pak Sarmin alitandaza msala wake juu ya geti, kisha akaandika kwa rangi nyeusi: MALI YA WENYEJI.

"Bu Minyang, wapeleke watoto juu," alisema. "Na yule binti Fenny mfiche vizuri. Hao wakiona macho yake tu, basi."

Fenny alikuwa na miaka kumi, mwenye asili ya Kichina, na waporaji walikuwa wakiwawinda Wachina siku ile. Baba yake alikuwa na maduka ya simu.

Walikuja saa saba mchana. Kwanza tulisikia vioo, dukani kwa jirani. Halafu sauti ya mwanamume akilia, na watu wakicheka. Nilichungulia dirishani nikaona wamemburuta muuza pikipiki nje na kumpiga kwa nondo, mmoja baada ya mwingine, bila hata haraka, kama watu wanaotwanga. Alipoacha kujikinga waliendelea. Kisha wakachoma duka. Pak Sarmin alisimama mbele ya geti letu mikono juu, akisema, "Jamani, hapa ni mimi tu, jirani yenu." Mtu mmoja alimpiga mtaimbo wa goti. Alipoanguka walipita juu yake.

Mimi niliwasukuma watoto sita ndani ya choo cha ghorofa ya tatu, nikaingia nao, nikafunga komeo. Sita. Wa saba, Fenny, alikuwa amejificha chini ya meza ya Minyang darasani, ghorofa ya pili, na hakutaka kutoka. Minyang alikuwa chini yake zaidi, ngazini, na mtungi wa kuzimia moto, kwa sababu moto wa jirani ulikuwa umeanza kulamba mlango wetu wa ubavuni. Niliyajua yote hayo nilipofunga komeo. Nayasema hivyo hivyo yalivyo.

Niliyoyasikia nikiwa chooni ni haya. Miguu mingi ngazini. Kompyuta zikivutwa na nyaya zake. Kisha Fenny akapiga ukelele mmoja mrefu, na sauti ya mwanamume: "Huyu hapa! Huyu Mchina huyu!"

Na niliyosimuliwa na Minyang ni haya. Alipanda ngazi na mtungi wake mtupu. Aliwakuta watatu. Mmoja alikuwa amemshika Fenny nywele, anamburuta kuelekea mlangoni, na blauzi ya mtoto imeshachanika bega. Minyang aliuzungusha mtungi kwa mikono miwili, ukampata yule mtu usoni. Alianguka. Akampiga tena akiwa chini. Akampiga mara ya tatu.

"Ya kwanza ilikuwa ya Fenny," aliniambia baadaye. "Hizo mbili sijui zilikuwa za nani."

Wale wenzake walirudi nyuma. Minyang aliinua mtungi, umeloa, akawaambia kwa lugha ya sokoni, "Haya, nani mwingine? Njooni basi, wanaume!" Mmoja wao alimtukania mama. Lakini nje watu walikuwa wanapiga kelele kwamba ghala la jirani limevunjwa, na pikipiki ni nyingi kuliko watu. Walimbeba mwenzao kwa makwapa wakaondoka naye, damu ikichora ngazi zote.

Nilifungua komeo, tukapitia wote juu ya paa, tukashukia mtaa wa nyuma. Mke wa Pak Sarmin, Bu Romlah, alitupokea mlangoni bila kuuliza, mumewe akiwa ameshabebwa ndani na majirani. Alimvisha Fenny ushungi, akawaambia majirani ni mpwa wake, bubu. Tulikaa siku tatu. Siku ya kwanza Minyang alikuwa ameketi sakafuni anatazama mikono yake.

"Ni yule wa tofu," alisema.

"Nani, Manang?"

"Niliyempiga. Ni Jumadi, yule anayeuza tofu, vile vipande vya soya vya kukaanga, getini kwetu. Kila Ijumaa huniongezea pilipili."

Shule ilifunguliwa tena mwezi wa nane. Bwana Teague alituita walimu akatusomea barua aliyowaandikia wafadhili wa Marekani. Iliandikwa kwamba waporaji walifika getini, wakaona ukuta wa malaika, wakageuka. Hakuna aliyeguswa. Walimu walisema amina. Pak Sarmin alikuwa nje kwa magongo.

Minyang alisimama. "Bwana Teague, malaika gani huyo aliyemtoa Jumadi jicho?"

"Herminia, dada yangu, Mungu hutumia njia nyingi."

"Basi andika njia yenyewe. Andika nilimpiga mtu mara tatu, na mara mbili alikuwa ameshalala. Andika goti la Sarmin."

"Watu wanaotuombea wana haja ya kutiwa moyo."

"Na mimi nina haja ya kuambiwa ukweli."

Hakufukuzwa. Mkataba wake tu haukuandikwa upya. Alihamia mtaa wa nyuma, akapanga chumba kwa Bu Romlah, akaanza kufundisha watoto wa mle mle kusoma, barazani.

Mwezi wa tisa aliniambia, "Nisindikize kwa Jumadi." Nilienda kwa aibu. Nyumba ilikuwa kando ya reli, ya mbao na mabati. Mama yake Jumadi, Bu Kasiyem, alitufungulia. Minyang alijitaja jina, akasema, "Mimi ndiye niliyempiga mwanao."

Mama alimpiga kofi. Akampiga la pili. Minyang aliweka mikono nyuma, akaishikanisha.

Jumadi alitoka chumbani. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umebonyea, na kope zimeshonwa. Alikuwa na miaka ishirini na miwili.

"Umekuja kuomba msamaha, Bu?" aliuliza.

"Kwa pigo la kwanza, hapana. Ungemshika tena yule mtoto, ningekupiga tena. Kwa mengine mawili, ndiyo."

Treni ilipita, bati zikatetemeka. Kisha Jumadi akasema, "Mimi nilifuata kompyuta. Wallahi. Yule mtoto sijui nilimshika kwa nini. Kila mtu alikuwa ameshika kitu."

"Ungempeleka wapi?"

"Nje. Kule walikokuwa wenzangu." Akaanza kulia kwa jicho moja. "Usiniulize tena, Bu."

Bu Kasiyem alitusukuma nje. "Mwanangu alikuwa anauza tofu!" alipiga kelele hadi majirani wakatoka. "Tofu!"

Wiki mbili baadaye baba yake Fenny alifika. Alimshukuru Minyang kwa machozi, halafu akafuta uso akasema, "Nipe jina la yule mtu."

"Simjui," alisema Minyang. Mwanamke ambaye sijawahi kumsikia akidanganya.

"Mwalimu, binti yangu analala na taa. Akisikia mtu anacheka anajikojolea. Nipe jina tu, kazi iliyobaki si yako."

"Ndiyo maana simjui."

Aliondoka kwa hasira bila kuaga. Akanikuta mimi shuleni. Aliniuliza swali lile lile, huku amenishika mkono, akiniita shujaa, akidhani nami nilimwokolea mtoto. Hakujua habari za choo. Nilitamani sana kuwa yule mtu aliyekuwa akimwona ndani yangu. Nikamtajia jina, na nyumba, na reli.

Walikuja wanaume wanne wenye nywele fupi za kiaskari, bila sare. Mchana, watu wanaona. Walimtoa Jumadi nyumbani, wakamlaza juu ya reli, wakamvunja miguu yote miwili kwa mabomba ya chuma, kuanzia chini kwenda juu. Mama yake alikumbatia mguu wa mmoja wao. Walimpiga teke la mdomo. Waliondoka kwa gari taratibu.

Kesho yake Bu Kasiyem alifika barazani kwa Minyang, watoto wakiwa wanasoma. Mdomo ulikuwa umevimba.

"Nyoka wewe!" alisema. "Ulikuja kuangalia nyumba ili uwaonyeshe! Nikakuacha uondoke na meno yako!"

Alimpiga kwa mpini wa ufagio, mgongoni, kichwani, mpaka mpini ukavunjika. Watoto walikimbia. Minyang hakujikinga wala hakusema. Nilikuwa pale mlangoni. Alinitazama mara moja tu, akajua.

Wanawake walipomwondoa yule mama, nilisema, "Manang, yule baba alinishika mkono..."

Ngumi yake ilinikuta neno likiwa mdomoni. Nilianguka juu ya ubao wa watoto.

"Nenda ukamwambie yule mama ni nani aliyetaja jina," alisema.

Sikwenda. Wiki ile ile nilipanda ndege nikarudi Iloilo.

Kwa miaka kumi na moja nilisikia habari zake kwa watu. Kwamba alikwenda kwa Bu Kasiyem tena na tena, akafungiwa mlango, akaacha ndoo za maji nje. Kwamba mguu wa kulia wa Jumadi ulioza na yeye ndiye aliyempakia kwenye mkokoteni kumpeleka hospitali, ukakatwa. Kwamba alimtafutia fundi wa viatu amfunze kazi. Kwamba siku moja mlango haukufungwa, na hakuna aliyeeleza kwa nini.

Nilirudi Jakarta mwaka elfu mbili na tisa. Nyumba ya kando ya reli ilikuwa sasa ya matofali hadi kiunoni. Jumadi alikuwa mlangoni anashona kiatu, mdomo umejaa misumari midogo. Ndani, Bu Kasiyem na Minyang walikuwa wameketi chini wakimenya vitunguu. Minyang alikuwa ameota mvi. Aliniona, asiache kumenya.

Nilipiga magoti, nikasema yote: jina langu, choo, baba yake Fenny, nyumba, reli. Jumadi aliacha kugonga. Alitema misumari mkononi, mmoja mmoja.

Bu Kasiyem hakunitazama kabisa. Alimgeukia Minyang.

"Miaka yote hii nimekula na wewe nikiamini ni wewe uliyewaonyesha nyumba. Kwa nini hukusema?"

"Ungeniamini?"

Yule mama alifikiri. "Nisingekuamini."

"Basi."

Bu Kasiyem alivuta sinia karibu, akachukua kitunguu kingine. Macho yalikuwa yanamtoka machozi, na ya Minyang pia, na sikuweza kujua ni ya kitu gani. Hakuna aliyeniambia niketi, wala aliyeniambia niondoke. Baada ya muda Jumadi aliburuta kigoda kwa gongo lake, akakisukuma upande wangu, hadi ukutani, mbali naye, akarudi kwenye kiatu chake.