Umepungua, Una Nini?

Daktari wa kliniki kule Upanga aliniambia neno ambalo Kariakoo hakuna ambaye angelikubali: nipungue. Mafuta ya tumboni na kwenye ini, alisema, ndiyo yanayoizuia sukari isiingie panapotakiwa, ikabaki inazurura kwenye damu. Yakipungua, nayo itashuka. Nilimwelewa upesi kwa sababu nilikuwa na hofu. Baba yangu alikatwa mguu kwa ugonjwa huuhuu. Ulimwanza kidogo tu: kandambili ilikuwa ikimvuka mguuni njiani naye anaendelea kutembea bila kuhisi, mpaka mtu amwite. Sisi watoto tulicheka. Mguu wangu nilitaka kubaki nao, basi, sikuwa na ndoto nyingine.

Nikaacha soda, nikaacha chapati za asubuhi, ugali nikaupunguza ukawa wa kitoto. Kutoka nyumbani Ilala hadi dukani Kariakoo nikawa natembea. Miezi ikapita, magauni yakanipwaya, na kila nikichomwa kidole kipimo kinasoma chini kuliko mara iliyopita. Daktari akanipunguzia vidonge. Siku hiyo nilirudi naimba barabarani peke yangu kama kichaa.

Furaha haikufika mbali. Mimi nauza vitenge, na kitenge kwetu hakiuzwi kikiwa kimekunjwa. Mteja anataka akione mwilini, kwa hiyo muuzaji unajifunga mwenyewe, unageuka, unampa mgongo aone maua yanavyokaa. Kwa miaka nyonga zangu ndizo zilizouza duka lile. Sasa nikijifunga, wateja wa kutoka Lindi na Mtwara hawatazami kitenge. Wananitazama shingo.

"Dada, umepungua. Una nini?" akaniuliza mmoja wa Mtwara.

"Sukari. Daktari kaniambia nipungue."

"Haya. Mungu atasaidia."

Nilipoingia nyuma ya majora nikamsikia akimwambia mwenzake: "Yule kaungua, masikini, anaficha tu." Kuungua, huku mtaani, ni kuwa na virusi. Ukishaunguzwa na midomo ya watu, hakuna cheti cha kukuzima.

Hilo ningelimeza. La mume wangu ndilo lililonishinda. Ni mtu wa Kilimanjaro, na kwao mke akikonda kesi ni ya mume. Mama yake alishuka na basi, na mikungu ya ndizi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yakiwa kwa mwanawe.

"Umemfanya nini mtoto wa watu?"

Mwanaume mzima akainamisha kichwa. Nikamweleza mama habari ya ini na mafuta. Akaniwekea bakuli la mtori wa ndizi zile mbele yangu, akasema, "Kula kwanza, mwanangu. Utanieleza ukishashiba."

Usiku huo mume wangu alinibembeleza. "Kula, mke wangu. Wananisema mimi."

Nikala. Nilikuwa nimechoka kubishana, na mtu anayekulisha kwa mapenzi huwezi kumfukuza kama mwizi. Mwili ukarudi haraka, na sukari ikarudi nao. Daktari akarudisha vidonge, akaongeza na sindano. Niliwachukia wote, na kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna hata mmoja aliyenitakia mabaya.

Juzi duka lilijaa. Nilijifunga kitenge cha bluu, nikatoka hadi mlangoni kwenye mwanga, nikageuka. Mteja wangu wa Mtwara, yuleyule wa Mungu atasaidia, akapiga makofi.

"Ehee! Sasa umerudi, dada. Umenawiri! Ulitutisha, ujue."

Wakacheka wote, na mimi nikacheka. Kisha akanyoosha kidole sakafuni, ndani kule nilikotoka, bado anacheka.

"Ila dada, kandambili yako moja umeiacha kule."